Barua ya Wazi kwa Bunge la Pennsylvania: Mchujo Tunaoulipia Wote Usifungwe kwa Wasio na Chama

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Bunge la Jimbo la Pennsylvania, Harrisburg, na kwa viongozi wa Chama cha Demokratik na Chama cha Republikan katika jimbo hili.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkalimani wa mahakama, mzaliwa wa Tanga, raia wa Marekani kwa kiapo tangu mwaka 2012, mkazi wa Philadelphia na mpiga kura asiye na chama. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma kwenye ofisi zenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi walioapa uraia katika jimbo hili, ambao kila mwaka huniuliza swali moja: kwa nini kadi ya mpiga kura inafanya kazi Novemba lakini Mei haifanyi?

Mei 2023, siku ya uchaguzi wa mchujo, yaani ule ambao kila chama humchagua mgombea wake wa Novemba, na ambao katika jimbo letu hupigwa kura na waliojiandikisha katika chama hicho tu, nilifika kituoni saa moja asubuhi, milango ikifunguliwa. Karani aliyenipokea ni mama wa makamo ambaye tunafahamiana kwa sura, kwa kuwa kila Novemba ndiye hunipokea. Alilitafuta jina langu, akalipata, kisha macho yake yakatua mahali panapoonyesha chama na yakabaki hapo kidogo. Aliinua uso akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfikishia jirani habari isiyopendeza, kwamba leo naruhusiwa kujibu maswali tu. Maswali hayo yalikuwa yale yaliyopelekwa kwa wananchi siku hiyo kuhusu katiba ya mji. Nilipowashiwa mashine, majina ya wagombea hayakuwamo. Nilibonyeza ndiyo hapa na hapana pale, nikathibitisha, nikamaliza kabla jirani yangu aliyesimama kwenye mashine ya pili hajafika hata kwenye majina ya wagombea wa umeya. Wakati natoka yule mama alinipa kibandiko kidogo kinachosema kwamba nimepiga kura. Nilikipokea kwa heshima yake, nikakitia mfukoni.

Simlaumu karani huyo hata kidogo, kwa maana alitekeleza sheria mliyomwekea. Sheria yenyewe ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Katika mji huu, Meya wa mwisho kutoka Chama cha Republikan alitoka madarakani Januari 1952. Kwa zaidi ya miaka 70 sasa, anayeshinda mchujo wa Chama cha Demokratik mwezi Mei ndiye anayekuwa Meya, na kura ya Novemba inabaki kuwa ya kukamilisha taratibu. Mwaka 2023 Mheshimiwa Cherelle Parker alishinda mchujo huo kwa takriban theluthi moja ya kura, yaani kura kama 81,000 hivi, katika mji wenye watu zaidi ya milioni moja na nusu. Sina neno lolote juu yake binafsi. Alishinda kihalali kwa kanuni zilizopo, na pengine hata mimi ningempa kura yangu. Lakini siku ambayo Meya wa mji ninaolipa kodi alipochaguliwa kwa kweli, mimi nilikuwa nimeruhusiwa kujibu maswali tu. Na hali ni hiyohiyo kwa mwenzangu asiye na chama anayeishi katika kaunti za katikati ya jimbo, ambazo ni ngome za Chama cha Republikan: diwani wake, mwakilishi wake wa Harrisburg na mara nyingi mbunge wake wa Washington hupatikana Mei, katika chumba ambacho yeye haingii. Hili haliendi upande mmoja. Kila chama kimejifungia mlango pale kilipo na nguvu, na sisi tuko nje ya milango yote miwili.

Tulioko nje si wachache, kwani wapiga kura wa jimbo hili waliojiandikisha bila chama, au katika vyama ambavyo havina mchujo wa kuzungumzia, ni zaidi ya milioni moja. Kitaifa, taasisi ya Gallup, ambayo imekuwa ikiwauliza Wamarekani swali hili kwa miongo kadhaa, ilipata mwaka 2023 kwamba asilimia 43 walijitambulisha kuwa huru, huku Wademokrat wakiwa asilimia 27 na Warepublikan asilimia 27. Kwa maneno mengine, hakuna chama chochote chenye wafuasi wanaolifikia kundi la wale wasiotaka kuitwa kwa jina la chama.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mtalitoa hapa, nami nalitanguliza mwenyewe kwa sababu ni la kweli. Mtasema kwamba wengi wa hao wanaojiita huru wana upande, na kwamba ukimuuliza mtu swali la pili, yaani anaegemea wapi, atakutajia chama, na siku ya kura atakipa chama hichohicho karibu kila mara. Utafiti umeonyesha hivyo kwa miaka mingi. Wasioegemea popote kabisa ni sehemu ndogo tu. Mimi mwenyewe nina mwelekeo wangu na sitadai kwamba sina. Kwa sababu hiyo wengine hutuita popo, ambaye kwa ndege anaonyesha meno na kwa wanyama anaonyesha mbawa. Lakini hoja hiyo, tukiifuata hadi mwisho wake, inawaelemea ninyi kuliko sisi. Ikiwa kweli mtu huyu amekipa chama chenu kura yake mara kumi mfululizo, ikiwa ndiye anayewafikisha kwenye ushindi kila Novemba, basi mnamzuia Mei kwa kosa gani? Kosa lake ni moja tu, kwamba anawapa kura bila kuwapa jina lake.

Kuna wanaoniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nalikuza jambo dogo. Jiandikishe tu, wanasema, chagua chama chochote siku 15 kabla ya mchujo, piga kura, kisha ujitoe. Kwani herufi moja ya chama mbele ya jina lako inakugharimu nini?

Nitaeleza inachonigharimu. Daftari la wapiga kura la jimbo hili huuzwa. Kwa dola 20 mtu hupata faili lenye majina, anwani na tarehe za kuzaliwa, na mbele ya kila jina chama alichojiandikisha mwenyewe. Kazi yangu ni kusimama kati ya watu wawili wasioelewana lugha na kuwa mdomo wa wote wawili. Asubuhi moja huwa mdomo wa mama kutoka Kivu anayemweleza hakimu kwa nini amechelewa kulipa kodi ya nyumba, na dakika ileile huwa mdomo wa wakili wa mwenye nyumba. Nikisema "mimi" kwa niaba ya yule mama, hakimu anamsikia yule mama. Nikisema "mimi" kwa niaba ya wakili, yule mama anamsikia wakili. Kazi hiyo inasimama juu ya kitu kimoja, kwamba hakuna aliyemo katika chumba kile anayefikiri mkalimani ana upande. Sheria hainikatazi kujiandikisha katika chama, na wapo wakalimani wenzangu waliojiandikisha ambao uadilifu wao nauheshimu. Mimi nimeona heri upande wangu ubaki mahali pa siri palipowekwa kwa ajili hiyo, yaani katika kura yenyewe. Nimekutana na walimu, wanahabari, mapadri na askari wanaofikiri hivyohivyo kuhusu kazi zao. Taifa hili lilikubali zamani kwamba kura ni siri ya mtu. Siielewi busara ya kumwambia raia kwamba siri hiyo ataitunza Novemba, ila Mei sharti aitangaze kwanza, iandikwe, na iuzwe kwa dola 20.

Sababu yangu ya pili ni ya mtu aliyelelewa kwingine. Nilizaliwa katika nchi ya chama kimoja, na nilikuwa kijana mwaka 1995 Tanzania ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Hata baada ya vyama kuwa vingi, sheria ya kwetu iliendelea kudai kwamba anayetaka kugombea sharti awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi mahakamani kwa miaka karibu ishirini, akashinda mara mbili Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema kwamba kizuizi kile kinakiuka haki zake. Wakati huo nilikuwa hapa Philadelphia, mwaka mmoja tu baada ya kula kiapo. Niliisoma habari ile nikiamini kwamba nimehamia mahali ambapo suala hilo lilikwisha zamani, kwamba hapa raia ni raia kwanza, na chama ni hiari yake. Kwa upande wa kugombea ni kweli zaidi kuliko kwetu. Kwa upande wa kuchagua, katika jimbo hili, nimekuta mlango uleule wenye bawabu anayeuliza kadi ya chama.

Sielezi haya kwa chuki dhidi ya vyama. Vyama vinafanya kazi ambayo mtu mmoja mmoja hawezi kuifanya, na demokrasia kubwa isiyokuwa navyo sijaiona. Katiba ya Marekani haivitaji, na George Washington, katika waraka wake wa kuaga uliochapishwa kwenye gazeti la mji huu huu wa Philadelphia Septemba 1796, aliwaonya wananchi juu ya moyo wa uchama; hata hivyo vyama vilikuwa vimekwisha kuota mizizi kabla wino haujakauka. Ninachouliza ni utii wa aina gani tunaujenga. Utii wa mwanachama anayekipenda chama chake kwa sababu kimemtendea haki ni kitu cha heshima. Utii unaotolewa kwa sababu bila huo huruhusiwi kumchagua diwani wako ni ushuru, na ushuru huu, kwa bahati mbaya, hauishii kwa mpiga kura. Unampanda aliyechaguliwa.

Ninyi wa Pennsylvania mna mfano wenu wa nyumbani. Arlen Specter wa Philadelphia aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1981 akiwa Mrepublikan, akachaguliwa mara tano. Mwaka 2004 aliponea chupuchupu kwenye mchujo mbele ya Pat Toomey, akiwa mbele kwa chini ya asilimia mbili, kisha Novemba akashinda kwa nafasi kubwa. Aprili 2009 alihamia Chama cha Demokratik, na hakuficha sababu: alikuwa ameona kwamba wapiga kura wa mchujo wa chama chake hawatampitisha tena. Mwaka uliofuata Wademokrat nao walimkataa kwenye mchujo wao wakampa nafasi Joe Sestak. Wapo wanaomwona Specter kuwa bendera iliyofuata upepo, na sina haja ya kumtetea. Ila tazameni sura ya jambo lenyewe. Mtu ambaye jimbo zima lilikuwa limempa kura kwa miongo mitatu alibaki anahangaika kati ya vyumba viwili vilivyofungwa, na wale waliokuwa wakimchagua kwa sababu hakuwa wa chumba chochote moja kwa moja hawakuwa na pa kusema.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Januari 2021. Wabunge kumi wa Republikan katika Baraza la Wawakilishi la Marekani walipiga kura ya kumshtaki Rais wa chama chao wenyewe. Msomaji anaweza kuona kwamba walifanya vema au vibaya. Hilo silo ninalolijadili. Wanne hawakugombea tena. Wanne walianguka kwenye mchujo, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming, ambaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa chama chake. Waliorudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2022 ni wawili: David Valadao wa California na Dan Newhouse wa jimbo la Washington. Majimbo hayo mawili yana mchujo mmoja kwa wote, ambapo wagombea wa vyama vyote huwekwa pamoja, kila mpiga kura humchagua amtakaye, na wawili wa mwanzo huenda Novemba. Sitaki kuitia hoja yangu chumvi. Jaime Herrera Beutler, mmoja wa wale kumi, alianguka katika jimbo hilohilo la Washington. Na Tom Rice wa South Carolina na Peter Meijer wa Michigan walianguka katika majimbo ambayo hayaandikishi wapiga kura kwa vyama. Mlango kuwa wazi haumwokoi kila mtu, wala haustahili kufanya hivyo. Lakini mbunge anayejua kwamba watakaomhukumu ni watu wa eneo lake wote hupiga kura yake akiwa mtu tofauti na yule anayejua kwamba watakaomhukumu ni wale wenye hasira zaidi katika chama chake. Nadhani wengi wenu mnalijua hili moyoni kuliko ninavyoweza kulieleza.

Na msidhani nawanyooshea kidole Warepublikan peke yao. Mwaka 2006 Wademokrat wa Connecticut walimwangusha Seneta Joe Lieberman kwenye mchujo kwa sababu ya msimamo wake juu ya vita vya Iraq. Akagombea bila wao, na Novemba watu wa jimbo lote wakamrudisha. Mimi vita vile sikuviunga mkono. Bado naona ni haki kwamba jimbo zima ndilo lililosema neno la mwisho.

Hoja nzito kuliko zote mlizonazo ni ile ya haki ya kujumuika. Chama, mtasema, ni jumuiya ya watu waliokubaliana, na hakuna jumuiya inayolazimishwa kuwaacha wasio wanachama wachague viongozi wake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakubalia jambo hilo mwaka 2000, ilipoubatilisha utaratibu wa California uliomruhusu mpiga kura kurukaruka kati ya wagombea wa vyama mbalimbali. Nauheshimu uamuzi ule, na sidai mfumo wa aina ile. Lakini Mahakama hiyohiyo, mwaka 1986, ilikuwa imekiambia Chama cha Republikan cha Connecticut kwamba kikitaka kuwakaribisha wapiga kura huru katika mchujo wake, jimbo haliwezi kukizuia. Kwa hiyo mlango ninaouzungumzia vyama vyenyewe vinaweza kuuomba ufunguliwe. Viongozi wa vyama mnaosoma barua hii, hilo mna uwezo nalo.

Tena hoja ya jumuiya ya binafsi ina mipaka, na historia imeichora. Kwa miaka mingi Chama cha Demokratik cha Texas kiliwazuia raia weusi kupiga kura katika mchujo wake kikijitetea kwamba ni jumuiya ya hiari yenye haki ya kuchagua wanachama. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alikwenda mahakamani, Thurgood Marshall akiwa miongoni mwa mawakili wake, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikasema kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi wa umma, si shughuli ya ndani ya klabu. Silinganishi madhila ya watu wale na usumbufu wangu. Wao walizuiwa kwa rangi waliyozaliwa nayo, mimi nazuiwa kwa fomu niliyoijaza kwa hiari. Nachukua kutoka kesi ile jambo moja tu: jimbo likishauandaa mchujo kwa sheria yake, likausimamia na kuulipia, mchujo huo ni wa umma.

Na ninyi mmeuandaa. Mwaka 1906 Gavana Samuel Pennypacker aliliita Bunge hili katika kikao maalumu, na katika kikao hicho ikapitishwa sheria ya michujo ya aina moja kwa jimbo zima, wakati ambapo siasa za Philadelphia zilikuwa mikononi mwa mabwana wachache waliokubaliana majina faraghani. Kusudi la mchujo lilikuwa kuutoa uteuzi katika vyumba hivyo na kuupeleka kwa wananchi. Tangu hapo mashine, karatasi, posho za makarani, ukumbi wa shule ninamopigia kura, vyote vinalipiwa na fedha za kaunti na za jimbo. Mkusanya kodi hajawahi kuniuliza mimi ni wa chama gani. Endapo vyama vinataka mchujo uwe wa wanachama peke yao, njia ya haki ipo: vikutane katika kumbi vilizokodi, kwa fedha za ada zao, vipeleke majina yao, nami sitakuwa na la kusema.

Hofu kwamba wapinzani watavamia mchujo wa chama ili kukichagulia mgombea dhaifu sioni kama inahitaji maneno mengi. Anayetaka kufanya hila hiyo anaweza kuifanya leo: atabadili chama siku 15 kabla, atapiga kura, atarudi alikotoka. Sheria ya sasa inamzuia mtu mwaminifu asiyetaka kuandika uongo kwenye fomu, na inampisha mwenye hila.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mmekwisha kukiri, kwa vitendo, kwamba tunaaminika. Mei 2021, siku ya mchujo, mlituuliza wapiga kura wote, wenye vyama na wasio navyo, kama Katiba ya Pennsylvania ibadilishwe ili kupunguza mamlaka ya gavana wakati wa dharura. Lilikuwa jambo zito, lililogusa jinsi jimbo litakavyokabili maradhi na majanga kwa miaka mingi ijayo. Nilisoma maandishi yale usiku kucha, maana lugha yake ilikuwa ngumu hata kwa mtu anayeishi kwa kutafsiri lugha ya sheria, na nikawaeleza majirani wawili Wakongo kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Jibu langu lilihesabiwa sawa na la mwenyekiti wa chama chochote. Asubuhi ileile, kituo kilekile, sikuaminiwa kumchagua mgombea wa ujaji katika kaunti yangu.

Siwaombi muige California wala Alaska, ambako wagombea wa vyama vyote huwekwa katika mchujo mmoja. Najua kwamba Novemba 2024 wananchi wa Colorado, Idaho, Nevada na majimbo mengine waliyakataa mapendekezo ya kubadili mfumo mzima, na kwamba Alaska yenyewe iliunusuru mfumo wake kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Watu wana mashaka na mabadiliko makubwa, na mashaka yao yanastahili kusikilizwa. Ninachoomba ni kidogo na kimekwisha kujaribiwa. Colorado hiyohiyo, tangu wananchi walipopitisha sheria yake mwaka 2016, humtumia mpiga kura asiye na chama karatasi za vyama vyote viwili nyumbani, naye hurudisha moja. Akirudisha mbili, hakuna inayohesabiwa. Ng'ambo ya mto Delaware, mwendo wa dakika chache kutoka ninapoishi, mkazi wa New Jersey asiye na chama huenda kituoni siku ya mchujo na kuchagua chama papo hapo. Magharibi yetu, Ohio, mpiga kura humwambia karani anataka karatasi ipi. New Mexico ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wasio na chama mwaka 2025. Sisi tumebaki katika kundi la New York, Florida, Maryland, Delaware na Kentucky, majimbo ambayo bado yanafunga.

Mwaka 2019 Seneti ya jimbo hili ilipitisha muswada wa kuwaruhusu wapiga kura wasio na chama kushiriki mchujo, na waliouunga mkono walitoka vyama vyote viwili. Ulipofika Baraza la Wawakilishi ulikwama humo hadi muda wa Bunge ukaisha. Hakuna mwakilishi aliyelazimika kusema ndiyo au hapana mbele ya watu wake.

Waheshimiwa, naomba basi mambo mawili. La kwanza, muswada wenye maudhui hayo urudishwe, ukiwa na kifungu kinachosema wazi kwamba mpiga kura asiye na chama ataomba karatasi ya chama kimoja siku ya mchujo bila kuandikwa kuwa mwanachama, na kwamba chaguo hilo la karatasi halitatiwa katika faili linalouzwa. La pili, muswada huo ufikishwe mbele ya Maseneta wote 50 na Wawakilishi wote 203 na upigiwe kura ya majina, ili anayeukataa aukatae kwa sauti yake mwenyewe. Kamati yoyote ikiniita kutoa ushahidi, nitakuja Harrisburg kwa nauli yangu, na wakipenda nitawaletea wale majirani zangu wawili niwatafsirie, kwa kuwa nao wana mengi ya kusema.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani wa mahakama na mpiga kura asiye na chama,
Philadelphia, Pennsylvania